Nusu Chupa

Wananiita Tangi.
Miaka kumi na mitatu katika ofisi ya maji, Nakuru,
mchana nimesoma mita za watu,
jioni nimejijaza bila kumwagika.
Hivyo Ijumaa ile, kwa Nyakerario kule Kiamunyi,
tulipomuaga Muchemi anayehamishiwa Maralal,
nilipewa bia kabla ya kupewa kiti.

Upepo ulikuwa ukishuka kutoka Menengai,
vumbi likitua taratibu juu ya kachumbari,
mutura ukilia mafuta jikoni.
Mtu alikuwa akisimulia bomba la Rhonda,
lile lililopasuka siku ya harusi,
nami nimejiandaa kucheka mahali pake.

Nusu chupa. Haikupita nusu.

Kwanza masikio: yakawaka
kana kwamba mji mzima unanisengenya.
Kisha uso, kisha kifua,
moyo ukatoka mbio kama mbuzi aliyeona kamba imelegea.
Nikashika ukingo wa meza,
meza nayo ikanishika, tukashuka pamoja
na sahani saba za pilau.

Wakacheka. Ningecheka pia.
Wafubwa akapiga makofi: "Tangi limevuja!"
Nikatapika kwenye maua ya Nyakerario,
nikafuta mdomo, nikasema, "Jamani, sijalewa,"
sentensi ambayo hakuna mlevi asiyeijua kwa ghibu.
Nikairudia. Ikazidi kunoga.
Nikasema, "Nakufa." Wakaniimbia.

Sikujua kwamba ukweli una harufu,
na wangu ulinuka bia.

Chali, nikitazama nyota
zilizo nyingi mno kwa mtu mmoja,
nilimkumbuka yule wa mtaro wa Bondeni,
mwezi wa Aprili, kiatu kimoja,
aliyeinua mkono nikasema, huyu naye,
nikamruka kwenda kusoma mita ya jirani.
Alikuwa na nini yule?
Sukari? Kifafa? Pombe tu?
Sikuinama hata kunusa.

Ni Chemeli, binti wa Jerotich, miaka minane,
aliyekuwa akikusanya chupa tupu kwenye kreti.
Akainua yangu mbele ya taa ya baraza,
akaweka kidole pale bia ilipokomea,
akasema kwa sauti ya kusoma darasani:
"Lakini hii imefika hapa tu."

Hata mutura ulinyamaza.
Jerotich akapiga magoti, akanishika mshipa wa mkono,
midomo yake ikihesabu.
"Umemeza nini leo?"

Jino.
Jumanne niling'olewa gego
kwenye kliniki iliyo juu ya duka la matairi,
na daktari alisema maneno mengi
huku mimi nikiisikiliza ganzi.
Mfuko wa dawa ulikuwa ndani ya koti langu,
karatasi ya kaki, mwandiko wa kuku:
moja mara tatu.
Na chini yake, kwa herufi kubwa, mistari miwili:
POMBE MARUFUKU.
Mimi, ninayelipwa kusoma,
nilikuwa nimeubeba siku nne.

Wakaninywesha maji, gilasi baada ya gilasi,
maji yetu ya ofisi, yale tunayotukaniwa kila mwezi.
Wafubwa, aliyecheka kuliko wote,
akanibeba mgongoni hadi kwenye gari.
Hakusema kitu. Shingo yake ilikuwa imelowa
na sijui kama ni jasho langu au lake.
Hospitalini walinilaza hadi alfajiri,
muuguzi akaniuliza jina
na watu watatu wakajibu, "Tangi."

Jumatatu jina lilikuwa palepale, limeniwahi ofisini.
Muchemi alienda Maralal bila hotuba.
Maua ya Nyakerario, naambiwa, yamestawi upande ule.

Nami zamu ya Bondeni sasa naimaliza kwa kuchelewa.
Jana kulikuwa na mtu kwenye mtaro, si yule, mwingine.
Akasema hajalewa.
Nikaweka daftari chini, nikachuchumaa,
nikamuuliza amemeza nini.
Akanitukania mama, babu, na bili ya maji.
Amelewa chakari.
Nikakaa naye hata hivyo,
mpaka alipokumbuka kwao ni wapi.